Fleti Mpya Ugenini na Paa Linalovuja Mafia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na sahaba zake wote.

Limezuka katika majumba yetu ya pwani, na khasa katika kisiwa cha Mafia, jambo ambalo haifai kulinyamazia. Kijana aliyesafiri kutafuta maisha, awe yuko Muscat, au Dubai, au Leicester, au hata hapo Dar es Salaam, akihama chumba cha kushirikiana na wenzake na kuingia fleti mpya, basi habari hufika Kilindoni kabla yeye mwenyewe hajamaliza kupanga makochi. Picha hutumwa kwa simu: sebule na zulia lake, jiko la kabati, kitanda, dirisha linaloangalia mji. Simu hupita mkono kwa mkono kutoka Kilindoni mpaka Kirongwe na Kanga. Mama mtu hupigiwa vigelegele, majirani huja kumpongeza, na pengine mbuzi huchinjwa, pilau ikapikwa, na mwalimu wa chuo akaitwa kusoma dua. Wote wanafurahi. Wala hapatokei hata mmoja wa kuuliza: Je, huyu aliyeingia nyumba mpya, wale aliowaacha katika nyumba ya zamani amewafanyia nini?

Mara nyingi picha hiyo hutazamwa chini ya paa la makuti ambalo halijaezuliwa kwa misimu mitatu au minne, na beseni limewekwa katikati ya chumba kukinga maji ya masika.

Tuseme wazi, ili asije mtu akatuzulia. Kuhamia nyumba nzuri si haramu. Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba makazi yenye nafasi na jirani mwema ni miongoni mwa mambo yanayomletea mtu furaha. Wala hatumwonei mtu choyo kwa jasho lake. Tunalolikanya ni hili: mtu kuhamia nyumba ya raha hali ya kuwa nyuma yake ameacha haki za watu hazijatimizwa, kisha akataka sisi tumpigie vigelegele. Na tunalolikanya zaidi ni sisi kumpigia.

MAFIA NA SAFARI

Asije mtu akasema kuwa maneno haya ni ya washamba wasiojua safari. Mafia ni kisiwa cha watu wa safari tangu zamani. Mapokeo ya Kilwa yanasema kuwa mtoto wa sultani wa Kishirazi alipewa Mafia aitawale. Kisimani ulikuwa mji, na Kua katika kisiwa cha Juani ulikuwa mji wa nyumba za mawe na misikiti. Wambwera, Wapokomo, Wagunya, Washatri, Waarabu wa Omani, Wangazija na Wahindi wote wamepita au wamekaa hapa, na damu zao zimechanganyika. Kadhi Amur Omar Saadi aliyakusanya mapokeo ya kisiwa hiki, yakachapwa mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Anayeyajua mapokeo hayo anajua kuwa hapana ukoo wa Mafia usiokuwa na babu aliyekuja kwa chombo au aliyeondoka kwa chombo.

Na waliokuja walijenga, tena walijenga kwa mawe. Ziko wapi nyumba zao? Kua ilivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa utumwa, na mpaka leo kuta zake zimesimama porini bila ya mwenyewe. Chole ilikuwa makao ya utawala, na matajiri wa Kiarabu na Kihindi walijenga humo majumba makubwa. Mwaka 1913 Wajerumani walihamishia makao ya serikali Kilindoni, na nyumba za Chole zikaanza kuachwa. Leo mizizi ya miti imepenya ndani ya kuta, na wageni hulipa kwenda kuzipiga picha. Mwenye kutaka kujua mwisho wa fahari ya nyumba na avuke kutoka Utende kwenda Chole. Si mwendo mrefu.

Wazee wetu husimulia pia kisa cha Kisimani na Kua. Watu wa Kisimani walipoteremsha jahazi lao baharini, waliwalaza watoto wa watu wa Kua njiani likapita juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza kwa miaka, kisha wakawaalika wenzao harusini, wakawakaribisha katika chumba kizuri kilichotengenezwa maalumu kwa karamu. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwazungumza wageni, na huku nje mlango unajengwa kwa mawe. Wote wakafia humo. Mwenye busara hajifunzi kisasi katika kisa hiki. Anajifunza kuwa karamu katika chumba kipya si dalili ya heri, na kuwa dhulma iliyonyamaziwa haifutiki kwa sababu watu wamekula pilau.

MTUME (S.A.W.) ALIHAMA VIPI?

Tunapotaka kujua adabu ya kuhama, hatuna haja ya kuuliza mbali. Mwalimu wetu mwenyewe alihama. Alitoka Makka, mji aliozaliwa, akaenda Madina mwaka 622, akawa mgeni katika mji wa watu. Basi tutazame hatua zake moja moja.

Kabla ya kuondoka, alikuwa na amana za watu wa Makka mikononi mwake. Na watu hao wengi wao walikuwa maadui zake, nao usiku ule ule walikuwa wamepanga kumwua. Hakusema, "Hawa ni makafiri, tena wananitafuta roho, wacha amana zao zipotee." Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma, katika hatari, akae mpaka kila mwenye amana arudishiwe amana yake, ndipo amfuate. Hivi ndivyo Hijra ilivyoanza: kwa kulipa.

Alipofika Madina hakuwa na nyumba. Alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), katika nyumba ya mwenzake, miezi kadhaa. Mahali alipopiga magoti ngamia wake palikuwa pa mayatima wawili, Sahl na Suhail. Mayatima wale wakataka kumpa bure. Nani katika sisi asingepokea? Yeye alikataa, akapalipia thamani yake, ndipo ukajengwa msikiti, na pembeni yake vikajengwa vyumba vya wakeze, kwa matofali ya udongo na mapaa ya makuti ya mitende.

Ndugu zangu, utaratibu ni huu: kwanza amana za waliobaki nyuma, kisha haki ya mayatima, kisha msikiti, na mwisho kabisa ndiyo nyumba. Sisi tumeupindua. Tunaanza na nyumba, tena na zulia lake, kisha tunasema, "Inshallah, mambo yakitengenea, tutawakumbuka na wale." Na neno Inshallah, ambalo ni ibada, tumelifanya kuwa ni njia ya kukimbia deni.

MKE ALIYEACHWA

Haki ya kwanza inayosahauliwa ni ya mke. Wako wanaume waliooa Mafia, wakaacha mke na watoto, wakapanda boti kwenda Nyamisati na kutoka hapo wakaenda zao. Mwaka wa kwanza fedha huja. Mwaka wa pili huja wakati wa Idi. Mwaka wa tatu huja picha ya fleti.

Mwenyezi Mungu katika Suratut-Talaq, aya ya 6 na ya 7, amewaamrisha wanaume wawakalishe wanawake pale wanapokaa wao, kwa kadiri ya uwezo wao, na mwenye wasaa atumie katika wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika kile alichopewa. Aya hiyo imeshuka kwa ajili ya wanawake waliopewa talaka nao wangali edani. Ikiwa mtalaka ana haki hiyo, je, mke aliye katika ndoa, anayekulelea watoto na kukutunzia jina lako? Na tuyazingatie maneno: kwa kadiri ya uwezo. Uwezo wa mtu unajulikana kwa nyumba anayokaa mwenyewe. Aliyeweza kubadili makochi hawezi kusimama mbele ya Mola wake akasema kuwa makuti yalimshinda.

Tena sisi wengi wetu hapa ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii (R.A.). Katika madhehebu haya nafaka ya mke haipotei kwa kupita siku. Mume asipoitoa, huwa ni deni shingoni mwake kama deni la duka, na akifa hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliwaandikia majemadari wake juu ya wanaume waliokuwa mbali na wake zao: wawalazimishe watoe nafaka au watoe talaka, na mwenye kutoa talaka apeleke pia nafaka ya siku zote alizozizuia. Wale walikuwa katika jihadi. Hawakusamehewa. Atasamehewa vipi aliye Muscat akichagua rangi ya mapazia?

Na kama mtu haogopi sheria ya dini, ajue kuwa na sheria ya nchi haikumwacha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtaka mume ampe mkewe makazi, nguo na chakula kwa kadiri ya hali yake. Mwanamke aliyedhulumiwa asione haya kwenda kwenye baraza la usuluhishi la BAKWATA, na jambo likishindikana hapo, mahakamani. Kudai haki si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni wa yule aliyeizuia.

MINAZI YA DADA ZAKO

Haki ya pili ni mirathi, na hapa dhulma ni kubwa zaidi kwa kuwa imevaa nguo za upole. Baba amekufa, ameacha nyumba, shamba la minazi na labda mashua. Watoto wa kike wapo Baleni au Kirongwe, wa kiume mkubwa yuko ugenini. Huambiwa, "Tumngoje kaka yenu arudi, ndipo tugawane." Kaka harudi. Miaka kumi inapita. Minazi inakwea na kuangusha, nazi zinauzwa, na dada hupelekewa nazi chache za mboga kama vile anapewa sadaka. Ile ni mali yake! Mwenyezi Mungu amekwisha kugawa katika Suratun-Nisaa: aya ya 7 inasema wanawake wana fungu lao katika walichokiacha wazazi, kikiwa kidogo au kikiwa kingi, na aya ya 11 imelitaja fungu la mtoto wa kike, nusu ya la ndugu yake wa kiume. Hakukutajwa humo kungoja kaka apate likizo.

Kisha siku moja linazuka jingine. Kaka amepata fleti Dar es Salaam, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Fedha hana. Anapiga simu: "Lile shamba la baba lina kazi gani? Liuzwe." Na siku hizi wanunuzi hawakosekani. Tangu ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, na tangu wageni walipoanza kumiminika kuja kumtazama papa potwe, ardhi ya ufukweni imekuwa ikitamaniwa na watu wa hoteli. Shamba huuzwa kwa sahihi ya mtu mmoja au wawili. Dada huja kujua siku wanapokuja watu kupima mipaka. Minazi iliyopandwa na babu, ambayo ingelisha vizazi, imegeuka kuwa kodi ya mwaka mmoja wa nyumba ambayo si yake, na mwaka ukiisha, mwenye nyumba atataka tena.

Fikirini aibu hii. Kule England, tangu mwaka 2007, sheria inamlazimisha mwenye nyumba kuiweka amana ya mpangaji chini ya mpango maalumu wa kuihifadhi, ili mpangaji akiondoka arudishiwe haki yake. Basi watu wasioisoma Qurani wanailinda amana ya mgeni waliyekutana naye jana, nawe unayejua kusoma Yasini kwa moyo unaila amana ya dada yako, uliyenyonya naye ziwa moja!

KUNUNUA KWA RIBA

Wako waliokwisha pita kiwango cha kupanga, nao wananunua. Hapa inaingia riba, na huko Ulaya neno dharura limekuwa jepesi midomoni kama neno karibu. Tutasema kwa insafu. Wanachuoni wamehitilafiana. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa fatwa ya kuwaruhusu Waislamu wa huko kununua nyumba ya kukaa kwa mkopo wa benki, pale ambapo hapana njia nyingine na mtu hana nyumba. Wanachuoni wengi wengine waliikataa. Lakini hata aliyeifuata, basi aifuate kwa masharti yake, wala asichukue ruhusa akayaacha masharti. Kanuni ya fikihi ni kuwa dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye paa la kupanga juu ya kichwa chake hana njaa ya nyamafu. Na nyumba ya pili ya kupangisha watu haiwi dharura ya mtu yeyote.

Tena hali imebadilika. Mwaka 2003 Uingereza ilirekebisha sheria ya kodi ili mwenye kununua nyumba kwa njia ya Kiislamu asitozwe ushuru mara mbili, na mwaka 2004 ikafunguliwa benki ya Kiislamu huko Birmingham. Hapa kwetu Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011. Mwenye kusema "hapana njia" na aseme kwanza ni mlango gani alioubisha.

JIRANI NA MKATABA

Kuna wengine hujiambia kuwa ugenini ni ugenini, wala mtu hana haki juu yao huko. Hili nalo si kweli. Mkataba wa kodi ni mkataba, na Suratul-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, wala haikusema mikataba ya Waislamu peke yao. Mwenye kuandika kuwa watakaa watu watatu kisha akalaza kumi, akiwatoza kila mmoja kodi ya godoro, amevunja ahadi na amewahatarisha watu kwa moto. England, tangu Oktoba 2018, nyumba yenye wapangaji 5 au zaidi wasio wa jamaa moja, wanaoshirikiana jiko au choo, lazima iwe na leseni. Hii si chuki kwa wageni. Ni hifadhi ya roho. Na katika jengo la ghorofa jirani yako yuko ubavuni, juu na chini. Ukitwanga usiku, unamtwanga yeye. Ukivukiza udi chini ya king'ora cha moto, jengo zima litatoka nje na nguo za kulalia. Jirani hata asiye Mwislamu ana haki ya ujirani, nawe huko ndiwe Qurani anayoiona.

Na kuna balaa jingine ambalo lafaa litajwe kwa jina lake. Wako wanaotuma fedha nyumbani ili mganga aitazamie fleti mpya kama ina mashetani, na mnyama achinjwe kwa ajili yao. Kumchinjia asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni shirki, iwe kwa nyumba ya Mafia au ya ng'ambo. Sunna ya mwenye kuingia nyumba ni Bismillahi na salamu. Lakini tazameni ajabu: fedha ya mganga inapatikana, ya kununua mabati kwa mama haipatikani.

ASIYEKUWA NA FLETI

Katika kushangilia fleti tumewasahau walio ugenini bila ya hata mlango wa kufunga. Tunakusudia binti zetu wanaokwenda Omani na Imarati kufanya kazi za nyumbani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania katika nchi hizo mbili. Waliohojiwa walieleza habari za kunyang'anywa pasi, saa za kazi zisizokuwa na mwisho, mishahara kuzuiwa, kupigwa, na hata kudhalilishwa katika heshima yao. Waajiri wenye kufanya hayo ni Waislamu kama sisi, na dhambi yao iko juu yao. Wapo pia waajiri wema, wala hatuwatii wote katika chungu kimoja.

Lakini sisi tuliowapeleka, tumeuliza nini? Binti akituma fedha tunasema amefaulu. Hatumwulizi unalala wapi, mlango wa chumba chako unafungika kwa ndani, pasi yako iko kwa nani, una simu yako mwenyewe. Kaka yake akituma picha ya sebule, tunaitazama mara mia. Dada mtu hatumi picha, wala hatumwulizi kwa nini hatumi. Wazazi wenzangu, picha isiyotumwa nayo ni habari.

MAJIBU KWA WENYE HOJA

Huenda mtu akasema: "Maisha ya ugenini ni ghali. Nyinyi hamjui kodi ilivyo." Tunajua. Na kwa kuwa ni ghali, ndipo tunaposema mtu apange nyumba ndogo kuliko uwezo wake, abaki na cha kutuma. Hatumwambii mwenye shida atoe asichokuwa nacho. Aya ya 7 ya Suratut-Talaq imekwisha kumpa udhuru. Maneno yetu ni kwa aliyehama kutoka fleti inayotosha kwenda fleti ya fahari.

Mwingine atasema: "Hata msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulivuja mvua iliponyesha, akasujudu katika maji na tope. Paa la makuti si aibu." Ni kweli, na Mafia hapana aibu ya makuti. Lakini Mtume (S.A.W.) alivujiwa pamoja na watu wake, chini ya paa moja nao. Hakukaa yeye pakavu na kuwaacha wao tope, kisha akawahubiria subira. Subira ya mtu mwingine ni nyepesi sana kuibeba.

Na wazee watasema: "Mwacheni mtoto ajipange kwanza." Neno hili, wallahi, ndilo lililotuharibia vijana wetu. Deni halina "kwanza nijipange". Yatima anakua, mke anazeeka, paa linaanguka. Zamani mtu angeweza kutoa udhuru, kwa kuwa fedha zilipewa nahodha, zikangoja pepo za kusi na kaskazi. Leo, tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, fedha inatoka Kariakoo na kufika Kilindoni kabla chai haijapoa. Udhuru wa bahari umekwisha. Uliobaki ni udhuru wa moyo.

Tena wako watakaosema: "Mbona hutuma fedha kila Idi?" Ahsante yake. Lakini sadaka hailipi deni. Mwenye kudaiwa nafaka ya miezi kumi na miwili, kisha akatoa doti ya khanga na kilo za nyama, bado anadaiwa nafaka ya miezi kumi na miwili.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, mama, na baba, na jamaa wote: picha ya fleti ikija, kabla ya vigelegele, ulizeni. Nafaka ya mkeo imefika mwezi gani? Mirathi ya baba imegawanywa? Fedha za nyumba hii zimetoka wapi? Majibu yakiwa mema, basi chinjeni mbuzi na mualike mji mzima, nasi tutakuja. Yakiwa mabaya, msile karamu hiyo. Mkono wa kukataa chakula hufundisha kuliko hotuba ya Ijumaa.

Pili, mtu akifa, mirathi igawanywe mapema, mbele ya mashahidi, kwa maandishi, mnazi kwa mnazi. Aliye mbali aweke wakili, asiwafunge waliopo kwa safari yake.

Tatu, kijana asitie sahihi mkataba wa fleti mpya kabla hajaandika katika karatasi moja majina ya wote wanaomdai: mke, watoto, wazazi, dada, mwenye duka. Kisha atazame kilichobaki, na kwa hicho achague nyumba. Huenda ikawa ndogo. Lakini atalala ndani yake usingizi wa mtu asiyedaiwa, na huo hauuzwi katika duka lolote la samani.

Nne, maimamu na walimu wetu wanaoitwa kusoma dua wasiwe watu wa kuitikia amina tu. Mwenye kukalishwa juu ya mkeka na kuletewa sinia, na huku anajua kuwa mwenye karamu amemnyima dada yake haki, basi na aseme, japo sinia isirudi tena kwake.

Ndugu zangu, sote tutahamia nyumba moja iliyo mpya kwetu, nayo haina sebule wala dirisha. Hakuna atakayetuma picha yake. Humo mtu ataulizwa juu ya amana, na nafaka, na minazi ya dada zake, na jibu la "nilikuwa najipanga" halitamfaa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu makazi ya heri na majirani wema, awarudishe kwa salama, awalinde binti zetu walio katika majumba ya watu, na atutie nguvu ya kutimiza haki kabla hazijadaiwa siku isiyokuwa na dirhamu wala dinari. Amin.

Wabillahi tawfiq.